Kionjo Kisicho na Kumbukumbu: Matumizi na Ukiushi wa Kaida za Tamthilia ya Mfululizo katika Kazi za Wanafunzi wa Uingereza

Utangulizi

Miongoni mwa fani ambazo uhakiki wa Kiswahili umezipitia kwa mbali ni kionjo, ile filamu fupi ambayo watu wengi huiita trela, inayotangulia kazi ndefu ili kuitangaza. Sababu za kupuuzwa kwake zinaeleweka. Kionjo huhesabiwa kuwa tangazo, hudumu kwa dakika moja au mbili tu, na karibu kila kilichomo kimekopwa kutoka kazi nyingine. Iwapo kionjo chenyewe kimetengenezwa na wanafunzi wa shule, hoja ya kukihakiki huonekana dhaifu zaidi. Hata hivyo, kuna kundi moja la vionjo vya wanafunzi linaloibua swali la kinadharia lisiloweza kukwepwa: kaida za utanzu hutumiwaje, na hukiukwaje, katika kazi inayoutangaza utanzu huo ilhali kazi inayotangazwa haipo?

Kundi hilo lilizaliwa Uingereza. Katika silabasi ya Taaluma ya Vyombo vya Habari ya bodi ya mitihani ya OCR, iliyoanza kufundishwa mwaka 2008, watahiniwa wa mwaka wa mwisho wa kiwango cha A walipewa orodha ya kazi za kuchagua. Mojawapo ilikuwa kutayarisha vifaa vya kutangaza tamthilia mpya ya mfululizo: kionjo cha televisheni, pamoja na viwili kati ya vitu vitatu, yaani jalada la jarida la vipindi, kurasa mbili za tovuti na bango. Alama zote zilikuwa 100. Kati ya hizo, 60 zilitolewa kwa kazi zilizoundwa, 20 kwa utafiti na maandalizi, na 20 kwa tathmini ambamo mwanafunzi alijibu maswali manne. Swali la kwanza lilimtaka aeleze jinsi kazi yake ilivyotumia, kuendeleza au kukiuka miundo na kaida za kazi halisi za vyombo vya habari. Silabasi hiyo ilirithiwa na nyingine iliyoanza kufundishwa mwaka 2017, lakini vionjo vyenyewe, pamoja na namna ya kufikiri iliyoviongoza, vimebaki.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu lililozoeleka kwa swali hilo lilitafuta ukiushi mahali ambapo haupo, yaani katika maudhui, na kuuacha pale ulipowezekana, yaani katika namna kazi inavyoushughulikia wakati na kumbukumbu. Hoja kuu ni kwamba kionjo cha tamthilia isiyokuwapo kina upungufu mmoja wa kimsingi: hadhira haina historia yoyote na wahusika wake. Kila uamuzi wa kifani katika kionjo hicho, uwe wa kufuata kaida au wa kuikaidi, hauna budi kupimwa kwa namna unavyokabiliana na upungufu huo.

Kaida kama mapatano

Neno kaida limetumiwa kwa wepesi mno katika mijadala ya aina hii, kana kwamba ni orodha ya vitu ambavyo kazi inavyo au haina. Fanani wa ngano anapoita "Paukwa!" na hadhira ikamjibu "Pakawa!", pande mbili zinawekeana mapatano: mmoja ataruhusiwa kusema yasiyowezekana, na wengine watasikiliza bila ya kumdai ushahidi. Kaida ni mapatano ya namna hiyo. Steve Neale, katika kitabu chake Genre cha mwaka 1980, anasisitiza kwamba utanzu huishi kwa marudio na tofauti kwa pamoja. Marudio matupu huchosha, na tofauti tupu haieleweki. Maana yake ni kwamba kutumia kaida na kuikiuka si vikapu viwili ambavyo mwanafunzi anaweza kugawa picha zake humo. Picha moja inaweza kutimiza ahadi moja na kuvunja nyingine kwa wakati uleule.

Kaida za tamthilia ya mfululizo zina historia inayojulikana. Zilichipuka katika redio za Marekani katika miaka ya 1930, zikidhaminiwa na watengenezaji wa sabuni waliotaka kuwafikia wanawake waliokuwa nyumbani mchana, na ndiyo sababu jina lake la Kiingereza limebeba sabuni hadi leo. Mfululizo mmoja wa kipindi hicho, Guiding Light, ulianza redioni mwaka 1937, ukahamia televisheni mwaka 1952 na kukoma mwaka 2009. Nchini Uingereza, The Archers ilianza kusikika kitaifa redioni tarehe 1 Januari 1951. Coronation Street ikaanza katika televisheni tarehe 9 Desemba 1960. Brookside ikadumu kutoka 1982 hadi 2003. EastEnders ikaanza tarehe 19 Februari 1985. Na Hollyoaks, iliyowalenga vijana, ikafuata mwezi Oktoba 1995.

Ingawa kazi hizo zinatofautiana kwa mandhari na lahaja, zinashirikiana katika mambo ya msingi. Kwanza, hazina mwisho uliokusudiwa. Pili, husuka visa kadhaa kwa pamoja, kimoja kikipanda huku kingine kikishuka. Tatu, huishi mahali pamoja panapotambulika, mtaani au kijijini, penye baa, duka au dobi ambapo watu hawana budi kukutana. Nne, huwaweka pamoja watu wa vizazi tofauti. Tano, na hili ndilo linalosahauliwa mara nyingi, zimejengwa kwa mazungumzo zaidi ya matendo. Robert C. Allen, katika Speaking of Soap Operas (1985), anaonyesha kwamba mtazamaji mgeni huona marudio yanayochosha pale ambapo mtazamaji wa siku nyingi huona maana. Habari moja ya mimba inaposimuliwa kwa mama, kisha kwa jirani, kisha kwa mpenzi wa zamani, tukio halijasonga mbele hata hatua moja. Lakini kila msikilizaji mpya analipokea kwa historia yake, na mtandao mzima wa jamii unatikisika.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mantiki ya masimulizi yasiyokoma si ngeni. Katika Alfu Lela Ulela, msimulizi huokoa uhai wake kwa kutomaliza hadithi. Kuahirisha ndiko kuishi. Tania Modleski, katika Loving with a Vengeance (1982), aliiona raha ya tamthilia ya mfululizo katika kuahirisha huko: mtazamaji hufurahia kungoja kama lengo lenyewe, wala si kama kero inayotangulia jibu.

Kionjo, kwa upande wake, kina mapatano yaliyo kinyume. Kinadumu kwa sekunde chache na huchagua vilele vya matukio. Hutega fumbo kwa ule msimbo ambao Roland Barthes aliueleza katika S/Z (1970). Kisha hufunga kwa jina la kazi, siku, saa na nembo ya kituo. Hapo ndipo ilipo tofauti ya kimsingi. Utanzu unaoishi kwa kungoja unatangazwa na utanzu usioweza kungoja. Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kutengeneza kionjo cha tamthilia ya mfululizo alikabidhiwa, pengine bila ya yeye wala mwalimu wake kutambua, mapatano mawili yanayogombana.

Sura iliyozoeleka

Kielelezo kifuatacho hakihusu shule wala mwanafunzi mahususi. Ni muhtasari wa sura inayojirudia katika vionjo vya aina hii. Kionjo kinaanza kwa picha za mbali za mtaa: barabara, bustani, jina la mahali likiwa limeandikwa kwenye kibao. Muziki ni wa polepole. Sauti ya msimulizi, au maandishi meupe juu ya kiza, inasema kuwa kila mtaa una siri zake. Ghafla muziki unabadilika, na mikato ya picha inakuwa ya haraka. Msichana analia mbele ya kioo cha msalani akiwa na kipimo cha mimba mkononi. Wavulana wawili wanasukumana kando ya ukuta wa matofali. Mlango unafungwa kwa kishindo. Rafiki anamkuta rafiki yake akimbusu mpenzi wake. Kofi linapigwa. Kisha wahusika, mmoja baada ya mwingine, wanageuka na kuikazia kamera macho. Mapigo kama ya moyo yanasikika, kiza kinatanda, na jina la tamthilia linajitokeza pamoja na siku na saa.

Ni rahisi kuicheka sura hii, lakini haikuzuka ovyo. Mikato ya haraka, muziki unaogeuka katikati na mstari wa wahusika wanaoitazama kamera ni mbinu ambazo vituo vya televisheni vyenyewe huzitumia. Mapigo ya mwisho yanaukumbusha mdundo wa ngoma unaofunga karibu kila kipindi cha EastEnders. Mwanafunzi ametazama kwa makini na kuiga kwa usahihi. Tatizo liko kwingine. Mdundo ule wa EastEnders una nguvu kwa kuwa unamkata mtu katikati ya jambo ambalo hadhira imelifuatilia kwa majuma, na uso unaobaki kwenye skrini ni uso ambao mtazamaji anaijua aibu yake, deni lake na uongo wake. Mdundo huohuo ukiwekwa baada ya uso usiojulikana, unabaki kelele tu. Kaida imenukuliwa, lakini mapatano yaliyoipa maana hayapo.

Ukiushi wa maudhui

Mwanafunzi alipoulizwa ni wapi alipokiuka kaida, aghalabu alielekeza kidole kwenye maudhui. Mhusika mkuu ni msichana mweusi. Wapenzi ni wavulana wawili. Mwenye nguvu katika familia ni mama. Kuna mhusika anayeugua maradhi ya akili. Nia ya majibu haya ni njema na haistahili kubezwa. Kihistoria, hata hivyo, hayasimami. Michelle Fowler wa EastEnders alipata mimba akiwa na umri wa miaka 16 katika mwaka wa kwanza wa tamthilia hiyo, 1985, na aliyehusika alikuwa baba wa rafiki yake wa karibu. Mwaka 1989 tamthilia hiyohiyo ilionyesha wanaume wawili wakibusiana mdomoni. Mwaka 1991 mhusika wake Mark Fowler alijulikana kuwa na virusi vya UKIMWI. Brookside ilionyesha wanawake wawili wakibusiana mwezi Januari 1994. Coronation Street ilimleta Hayley, mhusika aliyebadili jinsia, mwaka 1998. Kuhusu wanawake wenye nguvu, Christine Geraghty aliandika kitabu kizima, Women and Soap Opera (1991), kuonyesha kwamba wao ndio nguzo ya utanzu huu.

Kwa hiyo kulileta tatizo la kijamii katika tamthilia ya mfululizo si kuikiuka kaida yake. Ndiyo kaida yenyewe. Afrika Mashariki inalithibitisha jambo hili kwa njia yake. Radio Tanzania ilipoanza kutangaza Twende na Wakati mwaka 1993, muundo wa tamthilia ya mfululizo ulichaguliwa makusudi ili kubeba mafunzo ya uzazi wa mpango na ya kujikinga na UKIMWI, kwa sababu jamii ya wahusika wanaoonekana siku baada ya siku humfanya msikilizaji aone mabadiliko ya tabia yakitokea hatua kwa hatua. Utanzu huu umezoea kumeza kila mada inayoletwa mlangoni. Anayedhani ameukaidi kwa kuuongezea mada moja zaidi anatwanga maji kinuni.

Kinachosikitisha ni kwamba swali la mtihani lenyewe liliuchochea mkanganyiko huu. Kwa kuyaweka maneno matatu sambamba, kutumia, kuendeleza na kukiuka, lilimfanya mtahiniwa atafute angalau mfano mmoja wa kila neno. Maudhui yalikuwa njia ya mkato, kwa sababu yanatajika kwa neno moja. Ukiushi wa fani ni mgumu kuutaja, na katika karatasi ya mtihani ulionekana kuwa wa hatari, kwa maana kionjo kinachoacha kishindo kingeweza kudhaniwa kuwa kionjo kisichokamilika.

Tatizo la kumbukumbu

Ili kuona namna fani inavyoweza kulikabili tatizo la kumbukumbu, inafaa kurejea vipindi vya kwanza vya kazi halisi, kwani navyo vilikuwa katika hali ileile: wahusika wapya mbele ya hadhira isiyowajua.

Kipindi cha kwanza cha Coronation Street kinafunguka dukani. Florrie Lindley amelinunua duka la pembeni mwa mtaa kutoka kwa Elsie Lappin, naye Elsie, kabla ya kuondoka, anamdokezea tabia za majirani watakaokuwa wateja wake. Mbinu ni sahili na ya kale: mgeni anaelezwa, na hadhira inaelezwa pamoja naye. Ila kuna jambo la ziada. Mtazamaji hapewi matukio, bali anapewa maoni ya mtu mmoja kuhusu wengine. Tangu dakika za mwanzo anafahamishwa kuwa mtaa huu ulikuwapo kabla hajafika, na kwamba una kumbukumbu zake wenyewe.

EastEnders ilichukua njia nyingine. Inaanza kwa mlango unaovunjwa kwa teke. Den Watts, Arthur Fowler na Ali Osman wanaingia na kumkuta mzee Reg Cox akiwa mahututi kwenye kiti chake. Anafariki baadaye hospitalini. Kishindo kipo, na ni kishindo ambacho mtengenezaji yeyote wa kionjo angekitamani. Lakini kazi kubwa ya kipindi inafanywa baada ya hapo, habari inapozunguka uwanja mzima na kila mkazi kujiuliza, kwa sauti au kimoyomoyo, ilikuwaje mzee augue peke yake bila ya mtu kumbisha hodi. Kifo cha mtu asiyejulikana kinaizaa jamii inayojulikana. Hadhira haimwombolezi Reg, inawasoma wanaomzungumzia.

Mifano hii miwili inatoa somo moja. Tamthilia ya mfululizo isiyo na historia huunda mfano wa historia kwa kuwafanya wahusika wakumbuke mbele ya hadhira. Kionjo cha sura iliyozoeleka hakifanyi hivyo. Kinawapanga wahusika mmojammoja mbele ya kamera, kila mmoja na siri yake, kana kwamba tamthilia ni jumla ya watu wenye matatizo. Mtandao unaowaunganisha, ambao kwa mujibu wa Allen ndio makao ya maana, haupo. Kofi linapigwa, lakini hakuna anayelisikia kutoka chumba cha pili.

Tukio mashuhuri kuliko yote katika historia ya EastEnders linalithibitisha hili. Siku ya Krismasi mwaka 1986, kipindi kilichotazamwa na watu zaidi ya milioni 30 wakijumlishwa na watazamaji wa marudio, Den alimkabidhi mkewe Angie bahasha yenye hati za talaka. Katika tukio hilo hakuna gari lililopinduka wala mtu aliyesukumwa. Uzito wa bahasha ulitokana na kwamba hadhira ilikumbuka jinsi Angie alivyomdanganya mumewe kuwa amebakiza miezi sita ya kuishi, na ilijua kuwa Den ameugundua uongo huo na kungoja. Bahasha hiyohiyo ikiwekwa katika kionjo cha tamthilia mpya ni karatasi tu.

Ukiushi wa fani

Inafaa kuongeza kwamba tamthilia hizi zimewahi kuzikaidi kaida zao wenyewe, na zilipofanya hivyo hazikuongeza kasi. Mwezi Oktoba 1986 EastEnders ilitoa kipindi chenye wahusika wawili pekee, Den na Angie, wakizungumza kwa nusu saa. Mwezi Januari 2008 ilitoa kipindi chenye mhusika mmoja, Dot, akimrekodia mumewe mgonjwa maneno katika kinasa sauti. Kaida ya visa vingi vinavyopishana iliwekwa kando, huku kaida ya mazungumzo ikisukumwa hadi ukingoni mwake. Huu ndio ukiushi wenye maana: kaida moja inavunjwa ili nyingine, iliyo ya ndani zaidi, ionekane wazi.

Kwa kigezo hicho, inawezekana kukisia kionjo cha mwanafunzi ambacho kingekuwa mtiifu na mkaidi kwa pamoja. Dakika moja ingetosha. Mtu amerudi mtaani baada ya kutokuwapo kwa muda mrefu. Haonekani hata mara moja. Mwenye duka anamwambia mteja. Mteja anamwambia kijana anayengoja basi. Kijana anampigia simu dada yake. Kila mara habari inafupishwa, hadi inabaki jina tupu. Mwanamke wa mwisho kuambiwa hajibu. Anaendelea kukunja nguo, kisha anazikunja upya zilezile alizokwisha kuzikunja. Jina la tamthilia linatokea, bila ya mdundo.

Kionjo kama hicho kingekuwa kimetumia kaida za tamthilia ya mfululizo kwa ukamilifu zaidi kuliko kile cha makofi: mahali pamoja, watu wa rika mbalimbali, umbea kama njia ya usimulizi, na kungoja. Kwa upande wa pili kingekuwa kimekiuka kaida ya kionjo, kwa kuwa kilele cha tukio kimefichwa. Zaidi ya yote, kingekuwa kimezalisha kumbukumbu. Mtazamaji hajui mwanamke yule alifanyiwa nini, lakini anajua kuwa mtaa mzima unajua.

Hapa panafaa kutajwa kikwazo cha kiutendaji ambacho kwa kawaida huchukuliwa kuwa udhaifu. Wanafunzi huwaigizisha wenzao, na hurekodi katika korido za shule na nyumba za wazazi wao. Watu wazima huwa hawapo. Katika tathmini jambo hili hutetewa kwa kuitaja Hollyoaks kuwa kielelezo cha tamthilia ya vijana. Utetezi huo hautoshi, kwani hata Hollyoaks ina familia na wazazi. Lakini ukosefu wenyewe unaweza kugeuzwa kuwa fani. Nyumba zisizo na mzazi, simu zisizopokelewa, mlo uliofunikwa mezani ukimngoja mtu ambaye kamera haimwonyeshi: hayo yangegeuza uhaba wa waigizaji kuwa kauli kuhusu kizazi kinachojilea. Hapo mwanafunzi angekuwa ameikiuka kaida ya vizazi vingi kwa kuifanya hadhira ihisi pengo lake. Tofauti kati ya upungufu na ukiushi ni kwamba ukiushi humfanya mtazamaji atambue kilichokosekana.

Hoja ya upinzani

Inaweza kupingwa kwamba hoja hizi zinakidai kionjo kisichokuwa kazi yake. Kionjo ni tangazo. Wajibu wake ni kumvuta mtu aketi mbele ya televisheni siku na saa iliyotajwa, na kofi huvuta zaidi ya nguo zinazokunjwa. Isitoshe, mwanafunzi wa miaka 17 au 18 aliye na kamera ya shule na majuma machache ya kazi hawezi kutarajiwa kutatua mgogoro wa tanzu mbili.

Sehemu ya pili ya pingamizi hili ina uzito, na kwa sababu hiyo lawama haielekezwi kwa mwanafunzi. Sehemu ya kwanza inahitaji jibu. Tangazo huahidi, na ahadi hupimwa kwa kile kinachoahidiwa. Kionjo kinachoahidi mfululizo wa vishindo kinaitangaza kazi ya utanzu mwingine, pengine filamu ya kusisimua, na mtazamaji atakayeifuata ahadi hiyo hadi kwenye kipindi chenye watu wanaozungumza jikoni atajiona amedanganywa. Vituo vya televisheni huweza kumudu vionjo vya vishindo kwa kuwa hadhira yao tayari inajua kinachopatikana kati ya kishindo na kishindo. Tamthilia mpya haina dhamana hiyo.

Kuna pia zana za kinadharia ambazo wanafunzi walifundishwa na ambazo ziliuzidisha mkanganyiko. Tathmini nyingi za aina hii huutegemea muundo wa Tzvetan Todorov wa utulivu, mvurugiko na utulivu mpya. Muundo huo unafaa kwa ngano na kwa filamu inayokwisha. Katika tamthilia ya mfululizo utulivu haurudi. Mvurugiko mmoja hupokezana na mwingine, na arusi ni mlango wa talaka. Kuutumia muundo wenye mwisho kuelezea utanzu usio na mwisho ni sawa na kupima maji kwa ufito.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kionjo cha mwanafunzi kinachotangaza tamthilia ya mfululizo isiyokuwapo hukutanisha mapatano mawili yanayopingana, na kwamba ukiushi uliodaiwa katika maudhui ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ni utiifu kwa kaida kongwe. Ukiushi wa kweli ungepatikana katika namna ya kuijenga kumbukumbu ya jamii ndani ya dakika moja, hata kama gharama yake ni kuuacha ule mshindo ambao kila kionjo hudhaniwa kuuhitaji.

Suala hili linavuka mipaka ya Uingereza. Nchini Kenya, tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo limepanuka na kuzijumuisha filamu, na mtaala wa umilisi umeitambua filamu pamoja na sanaa za jukwaani miongoni mwa masomo ya shule za upili. Wanafunzi watatengeneza vionjo, na watakaowapima ni wahitimu wa idara za fasihi na lugha. Iwapo wapimaji hao watauliza tu ni kaida zipi zimetumiwa na zipi zimekiukwa, watapata orodha. Swali linalostahili kuulizwa ni kazi hii imeiahidi nini hadhira yake, na kila kaida iliyofuatwa au kuvunjwa imeitimizaje ahadi hiyo. Watazamaji waliokua wakiifuata Tausi katika KBC miaka ya 1990 hawakuhitaji nadharia kulijua hilo. Walirudi juma baada ya juma kwa sababu waliwakumbuka watu wale, na mwanafunzi atakayeweza kuizua kumbukumbu hiyo kwa dakika moja atakuwa ameuelewa utanzu kuliko yule aliyejaza safu tatu za jedwali.